Mashini ya redio: karte ndogo inatosha, feza ibaki kwa diski

Baba, mama na ndugu wa Kasugho, nanyi jamaa muliokimbia vita toka Kanyabayonga, Kirumba na vijiji vingine vya kusini mwa Lubero: munajua kama ile mashini ya mezani inayopitisha sauti zenu hewani imegonjwa. Feni inazunguka, taa inawaka, lakini ekrani inabaki nyeusi ao inajaa mistari ya rangi. Tangu hapo matangazo ya kutafutana yanasomwa tu kwenye karatasi. Mtoto wa miaka mine aliyepotezana na mama yake njiani hajui jina la ukoo likisomwa na mtangazaji. Anachojua ni sauti ya mama yake, na sauti hiyo imefungiwa ndani ya mashini.

Fundi anasema ni karte grafike, yaani ile kadi inayotuma picha kwa ekrani. Mchango umeanza, na hata jamaa za wakimbizi zimetoa franka zao. Hapo ndipo maneno yalianza kuwa mengi. Vijana wengi wanataka karte kubwa ya michezo, sababu, wanasema, tukinunua tununue mara moja kitu cha nguvu. Mimi napinga, na nitasema kwa nini.

Mashini hii inafanya kazi gani? Inarekodi sauti, inakata sauti, inapanga matangazo. Programu kama Audacity haiombi karte grafike kitu chochote. Inaomba memori, prosesa na diski nzuri. Wanafunzi wa chuo chetu cha uhifadhi wa mazingira wanaochora ramani za misitu wangekuwa na sababu kidogo ya kutaka zaidi, na hata wao wangeanza na memori.

Kisha umeme. Tundu refu la PCI Express, pahali karte inapoingizwa, linatoa wati 75, zaidi ya hapo hapana. Karte ndogo kama GT 1030 inakula wati 30 hivi. GTX 750 Ti inakula 60. Lakini RTX 3060, ile vijana wanayoitaja, inafika 170 ikifanya kazi kwa nguvu yote, na inadai waya wake yenyewe toka kwa sanduku la umeme. Mashini za zamani za ofisi, kama Dell OptiPlex na HP Compaq, mara nyingi zina sanduku dogo la wati 240 ao 300, bila waya huo. Sasa sisi tuko kwenye jua na betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, na kama ni ya risasi ukiitumia kupita nusu unaiua. Unabaki na 600. Karte peke yake ya wati 170 ingeimaliza kwa saa tatu na nusu, mbele hatujawasha mikrofoni. Mutaniambia: lakini isipofanya kazi nzito haili hivyo. Ni kweli. Basi mukiitumia inamaliza betri, na musipoitumia, muliinunua ya nini?

Mbele ya yote lakini, sherti tujue kama kweli kuna kitu cha kununua. Muzime mashini, mutoe waya wa umeme, muguse chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke, halafu muchomoe karte. Mutaona meno yake ya rangi ya zahabu: muyapanguse polepole kwa gome la kufutia kalamu, mutoe vumbi kwenye feni, murudishe. Vumbi ya barabara yetu wakati wa kiangazi inaua vitu vingi kuliko uzee. Ikikataa, muichomoe tena na mufunge waya wa ekrani kwenye tundu la mashini yenyewe, kule nyuma karibu na matundu ya USB. Prosesa nyingi za Intel Core toka mwaka 2010 zina grafike yake ndani. Picha ikitoka hapo, redio inarudi hewani bila kutoa hata franka moja. Hadi leo hakuna aliyejaribu hilo, na mchango umeshafika juma la pili!

Na kama lazima tununue, tunanunua Butembo, na hapo ndipo wengi wanaumia. Kwanza ukubwa. Sanduku nyembamba linaomba karte fupi, ile yenye bamba la nusu. Pili, ekrani yetu ni ya VGA, ile yenye waya wa buluu. GT 710 na GT 730 mara nyingi zina VGA. GT 1030 kwa kawaida ina HDMI na DVI tu, kwa hiyo inahitaji kigeuzi chenye saketi ndani. Kile cha bei rahisi cha kuchomeka tu kwenye DVI hakitatoa picha. NVIDIA imeshaacha kutoa programu mpya za GT 710 na GT 730, lakini kwa mashini ya kukata sauti hiyo si kizuizi. Mimi ningechukua GT 730 ya VGA, bora isiwe ile yenye chipu ya zamani zaidi ya Fermi, na mambo yaishe.

Tatu, karte bandia. Kuna karte za zamani zilizobadilishwa jina ndani, zikauzwa kama GTX 1050 Ti zenye memori nyingi. Programu ndogo inayoitwa GPU-Z inazifichua mara nyingi. Musitoe feza mbele ya kuona picha kwenye mashini yenu wenyewe. Kuibeba kwa pikipiki ni kazi, ndiyo, muifunge katika godoro. Lakini karte isiyoingia inaomba safari ya pili, na barabara zetu, kwa usalama huu, hazifai kupitwa mara mbili juu ya kosa la sentimita tano. Ikishindikana, mupige picha za ndani na za kibandiko cha sanduku la umeme, mutume kwa WhatsApp siku mtandao uko.

(Inanichekesha kidogo, kicheko kichungu. Tantali inayowekwa katika vyombo vingi vya elektroniki inatokana na koltani, kama ile ya Rubaya kule Masisi. Inatoka kwetu kwa magunia, na sisi tunachanga franka kwa kununua karte ya mitumba.)

Feza itakayobaki, na itabaki, inunue diski ya nje. Sauti zote za mama na baba wanaotafuta watoto ziko pahali pamoja tu, ndani ya mashini ya zamani yenye diski ya zamani. Karte ikifa tunakosa picha. Diski ikifa tunakosa sauti hizo, na wengine waliorekodi wameshahamia mbali, hatutawapata warekodi tena. Nimeangalia orodha ya vitu ambavyo kamati inataka kununua: karte iko, usafiri uko, hata kalamu ziko. Diski haimo.