Foleni ya Ukaazi na Bei ya Haraka

Katika ofisi yoyote ya umma, foleni ni kipimo cha usawa. Aliyetangulia huhudumiwa kwanza. Akipishwa mgonjwa au mjamzito, hakuna anunaye. Bali apitaye mbele kwa uzito wa mfuko wake, huyo tunalo jina lake, na aliyempitisha tunalo jina lake pia.

Uingereza jambo hilo limeandikwa katika kanuni na kutolewa risiti. Mgeni aliyetimiza miaka iliyowekwa huomba ukaazi wa kudumu. Aprili 2025 ada ya ombi hilo ilipandishwa hadi paundi 3,029 kwa mtu mmoja. Kwa viwango vya mwaka huo, aliyelipa hiyo tu aliambiwa angoje hata miezi sita. Aliyeongeza paundi 500 aliahidiwa jibu katika siku tano za kazi, na aliyeongeza 1,000, siku ya kazi iliyofuata.

Watetezi husema fedha ya ziada hulipia kazi ya ziada. Hoja hiyo haisimami. Ikiwa jalada laweza kusomwa, kupimwa na kuamuliwa kwa siku moja, basi sehemu kubwa ya miezi ile sita si muda wa kazi. Ni muda wa kulala kabatini.

Ni kweli kwamba aliyeomba kabla kibali chake hakijaisha hafukuzwi wakati anangoja. Lakini akisafiri nje kabla ya jibu, ombi lake huhesabiwa kuwa limeondolewa. Mchukue muuguzi wa Kenya, maana tangu 2021 nchi hizo mbili zina mapatano juu ya wahudumu wa afya. Apate simu kwamba mama yake yu mahututi Kisumu. Mwenzake aliyenunua haraka ana jibu mkononi, anapanda ndege. Yeye achague: kumzika mama, au kulinda jalada.

Wazee wa Afrika Mashariki hawatashangaa. Machi 1968, kwa sheria iliyopitishwa kwa siku chache tu, Uingereza iliwawekea kizuizi Waasia wa huku waliokuwa na pasipoti zake, ikatenga vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa kaya. Wakati ule aliyesalimika na foleni ni mwenye mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Siku hizi hutazamwa hundi.

Ofisa atakayetamani kuiga mpango huu hapa kwetu na atueleze kwanza: jalada la asiyelipa litashikwa na nani, na siku gani?