Makalio ya Istanbul: wakala anasema bei ya kwenda, nani atasema bei ya kurudi?

Mara na mara ku WhatsApp na TikTok za watu wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi kunapita tangazo la namna moja. Picha mbili za mwanamuke mumoja: ku ya kwanza tumbo limejaa na makalio ni bapa, ku ya pili kiuno ni chembamba na umbo linafanana na chupa. Chini yake kuna bei ya maelfu ya dola, jina la muji wa Istanbul na namba ya mutu mwenye kujiita wakala. Ndeke, hoteli, upasuaji na mutafsiri, vyote viko ndani ya bei moja. Wenye kulipa si mabibi wa wakubwa peke yao. Kuna wauzaji wa vitenge wenye kuweka pembeni faida ya miaka miwili, na wale wenye kungojea zamu yao ya likelemba.

Wanaume wanacheka, wachungaji wanakemea ku mazabahu. Kukemea huko hakujasaidia kitu, kwa sababu tamaa yenyewe si ya leo wala haikutoka kwa Wazungu. Mwaka wa 2008 Abidjan ilicheza wimbo «Bobaraba» wa DJ Mix na DJ Eloh, wenye kusifu makalio makubwa, na soko zikajaa pomade za kuyakuza. Ku Kinshasa wanawake wamefikia hatua ya kujiingiza kyubu za supu kupitia njia ya haja kubwa. Vidonge vya dexamethasone na cyproheptadine vinauzwa mu farmasi za Kongo bila karatasi ya munganga, kwa wenye kutafuta kunenepa haraka, hata kama dexamethasone ikitumiwa muda murefu inalegeza mifupa na kupandisha sukari na tension. Mwanamuke mwenye ameona hayo yote akisikia kwamba kuna hospitali, wanganga wenye kuvaa koti nyeupe na kazi ya siku moja, ni kweli ataona hiyo ndiyo njia safi. Hakuna sababu ya kumuzarau. Kuna sababu ya kumueleza ni kitu gani anaenda kununua.

Upasuaji huo unaitwa BBL, jina lenye kukumbusha Brazil, kwa munganga Ivo Pitanguy aliyejulikana tangu miaka ya 1960 kwa kazi ya kutengeneza makalio. Wananyonya mafuta ya tumbo, ya mbavu ao ya mapaja kwa bomba nyembamba la chuma, wanayasafisha, kisha wanayaingiza ku makalio. Hakuna silikoni, hakuna plastiki. Ndiyo maana wakala anarudilia maneno yaleyale: «Ni mafuta yako mwenyewe, hayawezi kukuumiza.»

Neno hilo si la kweli. Chini ya nyama ya makalio kunapita mishipa mikubwa ya damu. Bomba likiingia ndani sana na kutoboa mushipa, mafuta yanaingia mu damu, yanapanda ku moyo na kuziba mapafu. Mutu anaweza kufa palepale ku meza ya upasuaji, ao saa chache kisha. Hakuna dawa ya kuyeyusha mafuta hayo. Wanganga wanaweza tu kusaidia pumzi na moyo, na kungojea.

Wapasuaji wenyewe ndio walipiga kengele. Mwaka wa 2017 kikundi chao cha uchunguzi kilihesabu kwamba karibu mutu 1 ku 3,000 alikuwa anakufa, hesabu kubwa sana kwa upasuaji wa urembo, wenye unafanyiwa mutu muzima. Mwaka wa 2018 shirika la wapasuaji wa urembo la Uingereza, BAAPS, liliomba wanamemba wake waache kabisa kazi hiyo. Lilikubali irudi mwaka wa 2022, kwa sharti mafuta yabakie chini ya ngozi tu na munganga afuate bomba lake ku ekografi. Jimbo la Florida, kule Marekani, lilikataza mwaka wa 2019 kuingiza mafuta ndani ya nyama, na mwaka wa 2022 likaagiza kwamba munganga asipite watu watatu kwa siku moja, na atumie ekografi. Kuacha kuingiza mafuta ndani ya nyama hakukuwa kwa bure: hesabu ya mwaka wa 2020 kati ya wapasuaji ilionyesha kwamba vifo vimeshuka kufika karibu 1 ku 15,000.

Kwa hiyo mwenye kutaka kwenda ana maswali matatu ya kuuliza, na ayaulize kwa munganga mwenyewe, hapana kwa wakala. Mafuta yataingizwa chini ya ngozi ao ndani ya nyama? Ekografi itatumiwa wakati wa kuingiza? Na siku hiyo munganga atapasua watu wangapi? Munganga mwenye kukasirika kwa maswali hayo amekwisha kujibu. Na kama mpaka siku ya kupanda ndeke jina la munganga bado halijulikane, feza ibakie mu mufuko.

Kuhusu matokeo, picha za matangazo hazidanganye sana, ila zinapigwa mapema. Sehemu ya mafuta, wakati mwingine theluthi moja mpaka nusu, inakufa na mwili unaimeza mu miezi ya kwanza. Yenye kubakia ni mafuta kama mafuta mengine: mutu akinenepa yanavimba, akikonda yanapunguka. Mwenye kuwa mwembamba sana hana hata mafuta ya kutosha ya kuchukua, na kumuambia aende kwanza kunenepa kwa vidonge ni kumuongezea hatari.

Lakini kitu ambacho hakiandikwe ku tangazo lolote ni njia ya kurudi. Kisha upasuaji huo mutu hakalie makalio yake karibu majuma mawili ao zaidi, ili mafuta mapya yasifinywe na kufa. Analala kifudifudi, anavaa nguo ya kubana majuma mengi, akikaa anaweka mutu wa kitambaa chini ya mapaja. Sasa mutu huyo anarudi Kivu. Uwanja wa ndeke wa Goma ulifungwa mwezi wa 1 mwaka wa 2025 wakati M23 ilichukua muji, na wasafiri wengi wakabakia na njia ya Kigali. Saa nyingi za ndeke kutoka Istanbul, kisha zaidi ya kilometa 150 za gari kwenye makorongo mpaka Gisenyi. Wa Bukavu anaendelea mpaka Rusizi, njia yenye kuwa ndefu zaidi. Kukaa namna hiyo hakuharibu tu umbo lenye limelipiwa. Damu ya mutu mwenye ametoka kupasuliwa inaganda kwa urahisi mu miguu, na bonge likitoka kule linapanda mu mapafu. Uingereza inashauri mutu mwenye amenyonywa mafuta angojee siku 5 mpaka 7 mbele ya kupanda ndeke, na hiyo ni kwa mutu mwenye atashuka na kukuta ambulansi inamungojea.

Kituo cha Marekani cha kupiganisha magonjwa, CDC, kilihesabu Wamarekani 93 waliokufa kati ya mwaka wa 2009 na 2022 kisha upasuaji wa urembo walioufuata mu Jamhuri ya Dominika. Karibu wote walikuwa wanawake. Ku wale wenye maiti zao zilichunguzwa kwa uangalifu, mafuta ao bonge la damu mu mapafu ndiyo vilionekana zaidi. Kama wenye kuwa na hospitali za Florida na New York karibu yao wanakufa hivyo, mwanamuke wa Uvira ao wa Butembo ahesabu mara mbili.

Kuna pia mikrobu yenye kuonekana pole pole. Wasafiri wa upasuaji wa urembo wamerudi na mikrobu za ukoo mumoja na ile ya kifua kikuu: kidonda kinafunga vizuri, kisha majuma ao miezi kinavimba na kutoa usaha. Antibiotiki za kila siku haziiweze. Inaomba laboratwari yenye kuijua na dawa za miezi mingi. Na hapa ndipo siri inaua. Wengi wanaondoka wakisema wanaenda Dubai kuchukua mizigo. Bwana hajui, mama mukwe hajui, dada peke yake ndiye anajua na ameapa kunyamaza. Homa ikipanda juma la pili, nyumba nzima inasema ni malaria, kwa sababu Kivu kila homa inaanza kuitwa malaria. Anakunywa dawa ya malaria siku tatu. Siku hizo tatu zilikuwa za kuokoa maisha. Hata munganga muzuri wa dharura hawezi kufikiria bonge la damu mu mapafu kwa mwanamuke wa miaka 30 mwenye kusema tu kwamba pumzi inakatika, kama hakuna mutu wa kumuambia kwamba alipasuliwa siku kumi zilizopita. Hapo vicheko vya mutaa na mahubiri vina deni lao, maana ndivyo vinafanya mwanamuke afiche.

Mbele ya kusafiri, kazi ya kwanza inafanyika hapa hapa na haigharimu sana: kupima damu. Mutu ajue hemoglobini yake, kwa sababu kunyonya mafuta kunapoteza damu, na ajue kama ana drepanositozi, ugonjwa wenye kuwa wa wengi mu Kongo na wenye kufanya kila upasuaji kuwa wa hatari. Amuambie munganga kama anakunywa vidonge vya kuzuia mimba, vingine vinaongeza kuganda kwa damu, na kama anavuta tumbaku aache majuma ine mbele. Kama bado ananyonyesha, angojee.

Wengine watasema: basi Nairobi, ni karibu. Ukaribu hautoshe. Mwezi wa 10 mwaka wa 2024 mwanamuke mumoja alikufa kisha kufanyiwa kazi ya urembo mu kliniki moja ya Nairobi, na baraza la wanganga la Kenya, KMPDC, likaifunga. Na wale wenye kusema «bila kisu, sindano tu», ndani ya saloni, ni wa kukimbia kabisa: mwaka huohuo Uingereza ilizika mwanamuke mwenye alipigwa sindano za namna hiyo ku makalio.

Baraza la wanganga la Kongo lina kazi yake katika jambo hili. Mawakala wanakusanya feza za Wakongomani mu Kongo, kwa ajili ya upasuaji, na hakuna mutu anawauliza jina la hospitali wala la munganga. Wakati wanangojea hilo, mwanamuke mwenye ameamua kwenda aseme kwa mutu mumoja wa nyumba, apatane mbele na munganga wa Goma ao wa Bukavu mwenye atamupokea akirudi, na asitoke Istanbul bila ripoti ya upasuaji yenye kuandikwa kwa Kifaransa ao Kiingereza, yenye kuonyesha dawa alizopewa na kiasi cha mafuta yaliyoingizwa. Ripoti ya Kituruki, saa nane za usiku ku hospitali ya Kivu, hakuna mwenye ataisoma.