Kimombo cha kukariri kiliniponza

Mimi bwana, nilipokuwa kidato cha pili nilijiona mjanja kuliko shule nzima. Nilikuwa na kamusi ndogo ya Kiingereza, nikaapa kuikariri yote, A mpaka Z. Kila usiku kurasa mbili, koroboi pembeni. Nilipofika herufi D pumzi ikakata.

Nikaona basi, hata hicho nilichonacho nikitumie. Kulikuwa na binti wa mkondo B, mzuri si mchezo. Nikamwandikia barua kwa Kimombo, katikati nikapachika neno zito: "abhor". Nia yangu ilikuwa kumwambia kwamba namhusudu. Kumbe nimemwambia namchukia mpaka kichefuchefu! Nililolitaka ni "adore", lilikuwa kurasa chache mbele. Barua ikasomwa mbele ya darasa lao zima, na mimi nikabadilisha njia ya kurudi nyumbani muhula mzima.

Aibu hiyo imenirudia kwa sababu ya mpwa wangu. Alimaliza la saba mwaka 2023, Januari 2024 akaanza sekondari ya kutwa hapa hapa Dar. Si mnajua mambo yetu: miaka saba mtoto anasoma kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia na jiografia zimevaa suti ya Kizungu.

Miezi miwili haikuisha, dada akanipigia simu. "Kaka, njoo uongee na mpwao. Hataki shule."

Nilipofika, binti alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Darasani hanyooshi mkono, nyumbani haongei. Nikajua tatizo ni Kimombo tu. Wikiendi ile nikapita kwa wauza vitabu wa kando ya barabara kule Posta, nikachomoa riwaya moja iliyochakaa, "Wonder" ya R.J. Palacio. Elfu tatu. Mwenye duka alitaka elfu tano, tukavutana.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 2012 na filamu yake mwaka 2017. Kinamhusu August, mtoto wa New York aliyezaliwa na uso usio wa kawaida, akafanyiwa upasuaji mara 27, akasomea nyumbani mpaka umri wa miaka 10. Halafu anapelekwa shule kwa mara ya kwanza, ile ambayo Wamarekani huiita shule ya kati. Ni umri unaokaribia ule wa watoto wetu wanaomaliza msingi, wakati rafiki ni kila kitu na kukosa pa kukaa saa ya chakula ni msiba.

Ukurasa wa kwanza mpwa wangu akakwama. "Anko, sielewi." Nikamwekea sheria tatu. Moja, kila jioni sura moja tu, tunasoma wote wawili kwa sauti. Sura zenyewe ni fupi fupi. Mbili, kamusi haifunguliwi mpaka sura iishe, kwanza unakisia. Tatu, unachagua maneno matatu, unayaandika kwenye daftari, na kila neno unalitungia sentensi ya mtu unayemjua kweli.

Neno lake la kwanza kulipenda lilikuwa "precept". Mle kitabuni mwalimu wa Kiingereza huandika moja ubaoni kila mwezi, yaani kanuni ya kumwongoza mtu maishani. Binti akaandika kwamba "precept" ya Anko ni kulala mapema na kukoroma. Nikajua dawa imeanza kuingia.

Halafu tukafika Halloween, siku watoto wa Marekani wanapovaa vinyago. August amejificha ndani ya kinyago, hakuna anayejua ni yeye. Anamsikia Jack, rafiki yake wa chanda na pete, akimsema vibaya mbele ya wengine.

Mpwa wangu akafunga kitabu. Akakaa. Kisha akauliza, "Anko, kumsaliti mtu kwa Kimombo wanasemaje?"

"Betray," nikamwambia.

Akaandika. Sentensi yake sikuisahihisha hata nukta. Alisema rafiki yake amemsaliti na wala hajui kwamba yeye alikuwa nyuma ya mlango. Ndipo nikapata habari kamili. Rafiki yake wa tangu la kwanza, waliyechaguliwa naye shule moja, sasa anakaa na mabinti waliotoka shule za Kiingereza, na siku hiyo alikuwa anawachekesha kwa kuigiza jinsi mpwa wangu anavyojibu maswali. Kumbe Kimombo kilikuwa kidonda cha pili. Cha kwanza kilikuwa hiki, na mimi mzee mzima nilikuwa nimekuja na riwaya kutibu sarufi!

Jamani, tusidanganyane kwamba hadithi ni miujiza. Swanborn na de Glopper, watafiti wa Uholanzi, walikusanya majaribio 20 mwaka 1999, wakaona mwanafunzi akisoma tu, katika maneno 100 asiyoyajua huondoka na kama 15. Ni kidogo. Lakini kwenye riwaya neno lililokutoroka sura ya pili linaweza kukurudia sura ya tisa, tena mdomoni mwa mtu uliyeshamzoea. Na kitabu kisikuzidi kimo. Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili usome kwa raha bila msaada unatakiwa ujue kama maneno 98 katika kila 100. Kikikukaba, tafuta chepesi zaidi, au tafuta mtu wa kusoma naye kama sisi.

Tuliendelea. Mbele kidogo Jack mwenyewe anapewa zamu ya kusimulia, unaona alivyoumia alipogundua August alimsikia. Mpwa wangu alirudia kurasa zile mara mbili bila mimi. Kwenye daftari nikakuta neno "regret", na safari hii sentensi ilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni.

Wiki iliyofuata akamfuata rafiki yake.

"Ulimwambia kwa Kimombo?" nikamuuliza.

"Anko naye! Kwa Kiswahili. Kimombo nilimwambia neno moja tu."

Sikuuliza lipi. Rafiki yake alilia, wakanuniana siku tatu, sasa wanarudi nyumbani pamoja, ingawa mpwa wangu anasema si kama zamani. Darasani ameanza kunyoosha mkono. Anakosea, anacheka, anakaa.

Kitabu je? Amekiazima yule rafiki. Elfu tatu yangu sijaiona mpaka leo. Tukutane wiki ijayo, mkinikuta Posta navutana bei msishangae.