Wanaotumwa ni Nyumba Nzima

Dayosisi inapomtuma mtumishi wake kwenda nchi nyingine, barua ya kutumwa huwa na jina moja. Katika ibada ya kuagwa mikono huwekwa juu ya kichwa kimoja, na mwenzi wake na watoto husimama kando wamevaa nguo mpya, wanapigwa picha, wanapewa zawadi ya vitenge. Wakishuka uwanja wa ndege wa huko waendako ni watu wanne au watano, na kuanzia kesho yake kila mmoja ana kazi ambayo hakuna kikao kilichowahi kuijadili: huyu atafute daktari wa watoto, yule aingie darasani asikosikia hata neno moja, mwingine ajue unga unauzwa duka gani na basi linasimama wapi. Hoja ya makala hii ni kwamba hesabu yetu ya kutuma ina kasoro tangu mwanzo. Tumezoea kuyaona maisha ya kila siku ya familia ugenini kama gharama inayolipwa ili huduma ifanyike. Naamini maisha hayo ni huduma, na kwamba wenyeji huisoma imani ya mgeni nyumbani kwake muda mrefu kabla hawajamsikia mimbarani. Kama ni hivyo, kanisa linapaswa kuituma nyumba yote kwa kujua linachofanya, liiandae, liigharimie, na liipokee inaporudi.

Historia ya pwani yetu inaonyesha mazoea haya ya kumhesabu mtumishi peke yake ni ya zamani kiasi gani. Juni 1844, wiki chache baada ya kufika Mombasa, mmisionari Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi Ali bin Mohedin. Vitabu havisahau kulitaja jambo hilo, na ni haki visilisahau. Lakini katika nyumba hiyohiyo alikuwamo Rosina, mkewe, mjamzito katika wiki za mwisho. Julai alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye mama akafariki kwa homa, na mtoto akamfuata, huku Krapf mwenyewe akiwa hoi kitandani. Kabla ya hapo Rosina alikuwa amejifungua na kuzika mtoto mwingine safarini, katika nyika za upande wa Uhabeshi. Waliofia Mombasa walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf aliiandikia kamati ya CMS, chama cha misheni kilichomtuma, huko London kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi ya Injili katika Afrika Mashariki imeanza, na tangu hapo kaburi hilo limesimuliwa sana. Mwanamke aliyelala humo amesimuliwa kidogo mno. Alikula nini, aliongea na nani, aliwaonaje wanawake wa mji ule, hatukuachiwa karibu chochote. Katika kumbukumbu za waliomtuma mumewe, Rosina alipata uzito alipokufa.

Mfano wa pili una funzo kubwa zaidi, kwa sababu humo nyumba haikuvunjwa na homa peke yake. Ilivunjwa na uamuzi. Mary, mke wa David Livingstone, alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1821, binti wa wamisionari Robert na Mary Moffat, akakulia Kuruman akisema Kitswana tangu utotoni. Katika kituo chao cha misheni kule Kolobeng ndiye aliyekuwa mwenyeji kweli kati yao wawili: alifundisha watoto, alitengeneza sabuni na mishumaa, aliendesha nyumba ambayo watu waliingia na kutoka siku nzima. Mwaka 1850, baada ya safari ya jangwa la Kalahari, alijifungua mtoto ambaye hakudumu, na mwaka uliofuata akavuka tena jangwa hilo akiwa mjamzito, licha ya mama yake kumwandikia mkwewe barua kali ya kumkanya. Mwaka 1852 Livingstone alimpakia melini Cape Town pamoja na watoto wanne, waende Uingereza, nchi ambayo kwa Mary haikuwa nyumbani na watoto hawakuwahi kuiona, ili yeye apate kusafiri. Waliishi kwa shida, wakihama nyumba hadi nyumba. Mary alimfuata mumewe tena, akafia Shupanga, kando ya Zambezi, Aprili 1862. Mwana wao mkubwa, Robert, aliishia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani chini ya jina lisilo lake. Livingstone aliandika baadaye akijutia kwamba hakucheza na watoto wake alipokuwa nao. Wasomaji wengi wamelipokea hilo kama sikitiko la baba. Mimi nalisoma pia kama hasara ya kazi: misheni ilimwondoa mtu aliyeijua lugha kuliko wote na kuzoeana na watu kuliko wote, na haikuona kwamba imepunguza chochote.

Maandiko yenyewe yanatoa sura tofauti. Priskila na Akila walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Klaudio, wakahamia Korintho, wakashona mahema, wakampokea Paulo akae na kufanya kazi kwao. Walihamia Efeso, na ni wao waliomchukua Apolo na kumweleza njia kwa usahihi zaidi. Kila Paulo anapowataja huwataja pamoja, na kwake kanisa linalokutana nyumbani mwao si habari ya pembeni. Hakuna popote tunaposoma kwamba Akila alitumwa na Priskila akafuatana naye.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu siku hizi sisi ndio tunaotuma. Umoja wa UEM wenye makao Wuppertal, uliotokana na misheni za Kijerumani, tangu 1996 ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na watumishi wanakwenda pande zote. Mchungaji kutoka Bukoba au Dar es Salaam anaweza kujikuta anahudumu katika sharika za Ujerumani kwa miaka kadhaa, yeye na familia yake. Itazame Jumapili yao. Ibada imeanza saa nne, imechukua kama saa moja, watu wameagana mlangoni kwa adabu, na ifikapo saa sita mchana familia iko nyumbani na siku nzima iko mbele yao. Maduka yamefungwa kwa sheria. Kutoboa ukuta kwa mashine ni marufuku, na hata chupa tupu hazitupwi leo kwenye pipa la mtaani, kwa kuwa zitapiga kelele. Hakuna anayebisha hodi, maana mgeni huja kwa miadi. Kwa watoto waliozoea Jumapili ya kwaya mbili, mnada wa mavuno na shangazi watatu mezani, ukimya huu unatisha kuliko baridi. Mama au baba anayekubali kuketi katika ukimya huo mpaka aone kwamba wenyeji wanautunza kama zawadi, kisha siku moja amkaribishe jirani kwa chai ya tangawizi kwa miadi iliyopangwa wiki mbili kabla, anafanya kazi ya Injili. Wala hakuna ripoti ya robo mwaka yenye safu ya kuiandika.

Shule ndiyo penye uzito zaidi. Katika majimbo mengi ya Ujerumani mtoto akimaliza darasa la nne, akiwa na miaka kama kumi, walimu hutoa pendekezo la aina ya sekondari atakayokwenda, na mojawapo, Gymnasium, ndiyo njia iliyozoeleka ya kufika chuo kikuu. Mtoto aliyetoka Moshi akiwa na miaka tisa anakutana na mchujo huo kabla ulimi wake haujazoea Kijerumani. Kuna njia za kuvuka baadaye, na shule nyingi zina masomo ya lugha kwa wageni, lakini mzazi lazima ajue pa kuuliza, aulize mapema, tena kwa Kijerumani. Kumsomesha mtoto nyumbani hakuruhusiwi kabisa. Kwa hiyo tarehe ya kusafiri, ambayo dayosisi huipanga kwa kuangalia lini mtangulizi anamaliza mkataba, inaweza kuamua masomo ya mtoto kwa miaka kumi ijayo. Katika mazungumzo yetu ya kutuma watumishi umri wa watoto hutajwa kwenye fomu ya tiketi tu.

Kuna pia mwenzi. Hapa nyumbani mke wa mchungaji ni Mama Mchungaji: ana kiti chake, ana umoja wa wanawake, huitwa kwenye misiba na harusi, watu humwamini kwa siri zao. Akifika ugenini vyote hivyo vinabaki nyuma. Sharika za kule hazina nafasi hiyo, cheti chake cha ualimu au uuguzi kinasubiri kutambuliwa, na katika hati ya ukaaji anasomeka kama mtu aliyeambatana na mwingine. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipokubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, lilifungua mlango ambao leo unaleta jambo jipya: mume anayemfuata mkewe kazini. Yeye hana hata jina la kupoteza, na maswali ya wajomba zake kwenye simu ni mazito. Watu hawa ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kukutana na utamaduni mpya, kwa sababu mtumishi mwenyewe ana ofisi, ana wenzake wanaosema Kiingereza, ana ratiba. Mwenzi ana daktari, mwalimu wa chekechea, jirani wa ghorofa ya chini na karani wa manispaa. Mara nyingi ndiye anayezungumza na mtu asiyeingia kanisani kabisa.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inalegeza wito. Yesu alidai watu waache baba, mama, mke na watoto kwa ajili yake, na kazi kubwa zimefanywa na watu wasio na familia. Mmisionari Apolo Kivebulaya alifika Mboga, Kongo, mwaka 1896, akaishi bila mke, akafa na kuzikwa huko mwaka 1933. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wameweka nadhiri. Nawaheshimu kwa dhati, na pingamizi hili lina nguvu kuliko yote. Lakini hao walijitoa wenyewe, na waliacha walichokuwa na haki ya kukiacha. Baba anayemtoa mtoto wa miaka tisa hajajitoa yeye. Ametoa kitu cha mwingine bila kumuuliza. Tena anayeuweka wito juu ya kila kitu amepata pa kuanza kuuitikia, yaani nyumbani kwake, kwa sababu anayeambiwa katika nyaraka kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake hafai kulisimamia kanisa la Mungu ni kiongozi huyohuyo.

Pingamizi la pili ni fedha. Sharika zetu zinachangishana kujenga mapaa. Zitagharimiaje kozi ya lugha ya mwenzi na ushauri wa shule? Jibu langu ni kwamba gharama hiyo inalipwa tayari, na wanaoilipa hawana kiti kwenye kikao. Ndivyo ilivyokuwa hata Rabai, kituo cha CMS karibu na Mombasa. William Jones na Ishmael Semler, waliokombolewa utumwani wakasomeshwa Nasik, India, waliletwa Mombasa na CMS mwaka 1864, wakahudumu miongo kadhaa katika nchi ambayo iliwaona wageni ingawa ni Waafrika. Walisubiri mpaka 1885 kupewa ushemasi, na hawakupata malipo wala heshima sawa na wenzao wa Kizungu. Kazi iliendelea, na akiba iliyopatikana ilitoka mezani kwa familia zao.

Hata hivyo, kuitunza familia kuna mtego wake, na wanaotuonya kuuhusu wana haki. Kuanzia 1906 wamisionari wa Africa Inland Mission walikuwa na shule ya bweni Kijabe kwa ajili ya watoto wao. Iliwapa wazazi wengi nafasi ya kubaki kazini, na bila hiyo wengine wangerudi kwao. Lakini kwa vizazi kadhaa ilimaanisha pia mtoto kukulia Kenya ndani ya Marekani ndogo, mbali na mama yake, na mbali na watoto wa kijiji ambacho wazazi wake walikuja kukitumikia. Familia inayolindwa kwa ukuta haikutani na mtu. Ninachokitetea ni uwezo wa kutoka nje ya mlango: lugha ya kumwelewa mwalimu, muda wa kumsikiliza jirani, pesa ya nauli ya kwenda kuonana na Waswahili wengine mji wa tatu mara moja kwa mwezi, na ruhusa ya kusema kwa anayewatuma kwamba mambo ni magumu bila kuonekana wamepungukiwa imani.

Kwa hiyo napendekeza haya. Katika kikao cha kwanza kabisa, kabla jina la mtu halijapelekwa popote, mwenzi aitwe na asikilizwe akiwa peke yake, na jibu lake liwe na uzito wa kusimamisha safari. Mafunzo ya lugha yawe ya watu wazima wote wawili, yaanze miezi kadhaa kabla ya tiketi. Tarehe ipangwe kwa kalenda ya shule ya mtoto. Usharika unaotuma uteue mzee mmoja ambaye kazi yake ni familia hiyo tu, anayewapigia watoto simu kwa majina yao. Na mpango wa kurudi uandikwe siku ileile unapoandikwa wa kwenda, maana mtoto anayerejea akiwa na umri wa kidato cha pili, Kiswahili chake kizuri mdomoni na kigumu kwenye karatasi, Historia ya Tanzania hajaisoma, atahitaji shule itakayompokea na mwalimu wa ziada kwa mwaka mzima. Ada ya mwalimu huyo iingie kwenye bajeti ya misheni, katika ukurasa uleule wa mshahara wa mchungaji.