Wastaafu Wasiachwe Ufukweni

Mtu anayesimama ufukweni Msasani, katika Wilaya ya Kinondoni, huona vyombo vya namna mbili vimetia nanga. Zipo ngalawa na mashua za wavuvi wetu, ambazo zilikuwapo hapo tangu Msasani ilipokuwa kijiji kilicho mbali na mji. Na zipo boti nyeupe za matanga, zenye milingoti mirefu inayong'aa, ambazo baadhi yake zimetoka nchi za mbali sana. Katika baadhi ya boti hizi za kigeni, zinazopita pwani yetu baina ya Kilifi, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, wamo wazee, mume na mke, waliostaafu kazi huko kwao wakaamua kukifanya chombo kuwa nyumba. Humo ndimo wanamolala, wanamopika na wanamoanika nguo zao. Upepo ukibadilika, huondoka.

Wafanyakazi wetu wanaoziona boti hizo njiani wakirudi makwao Kunduchi au Bunju husema neno moja tu: "Hao wana fedha." Basi mazungumzo huishia hapo. Gazeti hili linaona kwamba hayafai kuishia hapo, kwa sababu neno hilo lilikwisha wahi kusemwa na watu wengine, nalo likaleta msiba.

Mwezi Oktoba 2009, Waingereza wawili waliostaafu, Paul Chandler mwenye umri wa miaka 59 na mkewe Rachel mwenye umri wa miaka 55, waling'oa nanga kisiwani Mahé, Shelisheli. Walikuwa wakija Tanzania. Mashua yao, Lynn Rival, ilikuwa na urefu wa futi 38 tu, yaani inapitwa kwa ukubwa na majahazi mengi yanayobeba boriti na chumvi katika pwani yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 23, kabla hawajafika mbali, walivamiwa na maharamia wa Kisomali. Meli moja ya Jeshi la Majini la Uingereza ilikuwa karibu wakati mateka hao wakihamishwa, ikashuhudia kwa macho, lakini haikuweza kufanya lolote bila ya kuhatarisha maisha yao. Walipelekwa Somalia, wakakaa mateka siku 388.

Maharamia walidai dola za Marekani milioni 7. Waliwaza kama wanavyowaza wapita njia wa Msasani, kwamba Mzungu aliye na mashua lazima awe tajiri. Kumbe watu wale walikuwa ni mstaafu wa kazi za uhandisi na mkewe mchumi, na jamaa zao hawakuwa na fedha za namna hiyo hata kidogo. Serikali yao nayo ilishikilia msimamo wa kutolipa kikomboleo. Miongoni mwa waliohangaika mpaka wakaachiliwa, tarehe 14 Novemba 2010, alikuwamo dereva mmoja wa teksi wa London, mzaliwa wa Somalia, ambaye aliona aibu kwa jambo walilotendewa wazee wale. Mwaka 2012 bwana na bibi huyo waliitengeneza mashua yao na kurudi baharini.

Hatuwasimulii ndugu zetu habari hizi ili wauze mashamba yao na kununua matanga. La hasha. Tunazisimulia kwa sababu katika maisha ya wazee hao wa baharini limo jambo moja ambalo mtumishi wa umma na mwalimu wa Tanzania anaweza kulichukua bila ya kuazima senti, nalo ni maandalizi.

Mtu wa kawaida hawezi kuishi mashuani uzeeni kwa kuanza kufikiri siku anapokabidhi ofisi. Chombo hununuliwa au hutafutwa mapema, yeye akiwa angali na mshahara. Hujifunza kukiendesha wakati wa likizo. Samani za nyumbani huuzwa, kwa kuwa hazina pa kukaa. Maji ya kunywa hupimwa kwa lita, na kila kijiko kina mahali pake. Na zaidi ya yote, safari hupangwa kwa majira. Katika kusini ya Bahari ya Hindi vimbunga huvuma zaidi baina ya Novemba na Aprili, kwa hiyo mabaharia hawa huepuka maeneo hayo miezi hiyo; wengine hupenda pwani yetu kwa sababu iko karibu na Ikweta, ambako vimbunga ni nadra, ingawa kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba nadra si kutokuwapo.

Maarifa hayo si mageni kwetu. Babu zetu wa pwani waliendesha biashara nzima ya bahari hii kwa kufuata kaskazi na kusi. Nahodha aliyetaka kuondoka na kusi hakungoja pepo zianze ndipo atafute kamba. Wakati wa tangambili, bahari ikiwa haina upepo wa kuaminika, alikivuta chombo ufuoni, akakitia kalafati, akakipiga deheni, akashona matanga. Aliyezembea aliachwa, akakaa bandari ya watu miezi mingi akila akiba yake. Mafundi wa ufuo wa Kunduchi bado wanaitambua kanuni hiyo. Ni ofisini ndiko tulikoisahau.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi huko Mbagala, Wilaya ya Temeke, ambaye ametumikia Taifa kwa miaka 35, na ambaye wastani wa mshahara wake wa mwishoni ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kanuni inayotumika, kama alikuwa mwanachama wa mfuko wa zamani wa PSPF au LAPF, atapata mkupuo wa asilimia 40, ambao kwa hesabu yetu unakaribia shilingi milioni 52, na pensheni ya mwezi ya shilingi 521,000 hivi. Hizi si fedha za kubeza. Lakini tazama zinavyokwenda. Kiwanja cha Chamazi alikinunua miaka 15 iliyopita, msingi ukajengwa, kisha ada za watoto zikasimamisha kazi. Siku ya mafao, jambo la kwanza ni matofali, nondo na mabati. Nyumba inapofika kwenye linta, ndugu wa kijijini wanakumbuka kwamba wana mgonjwa. Shemeji anakuja na shauri la daladala chakavu linalouzwa kwa bei nafuu. Mtu asiyejulikana anapiga simu, akijifanya ofisa wa mfuko, anataka atumiwe kwanza "gharama za kushughulikia jalada". Baada ya mwaka mmoja mwalimu wetu anaishi katika nyumba isiyo na dari wala madirisha, yenye vyumba vinne vilivyokusudiwa watoto ambao wamekwisha ondoka zamani, naye anategemea pensheni ya mwezi peke yake.

Hapo tunawauliza wasomaji wetu: ni nani mwenye starehe ya kitajiri, yule mzee wa kigeni anayelala katika chumba chembamba mithili ya kabati, au yule anayejenga vyumba vinne kwa ajili ya watu wawili?

Tangu mwaka 2018 mjadala wa wastaafu nchini umekuwa ni wa asilimia. Mwaka huo mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikapunguza mkupuo hadi asilimia 25. Wafanyakazi walilalamika, na mwezi Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Kuanzia Julai 2022 ukawekwa mkupuo wa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ikaupandisha tena, kufikia asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25. Kwa mwalimu wa mfano wetu, tofauti baina ya asilimia 33 na asilimia 40 ni kama shilingi milioni 9. Chama na Serikali yake vilisikiliza, na yafaa kusema hivyo waziwazi.

Hata hivyo, ugomvi wa asilimia umefunika jambo jingine. Kinachoongezwa katika mkupuo hupunguzwa katika pensheni ya kila mwezi, na anayedai mkupuo mkubwa mara nyingi huudai kwa sababu hana nyumba. Mafao ambayo yangekuwa chakula na dawa yamegeuzwa kuwa mkopo wa nyumba unaotolewa kwa mtu mwenye umri wa miaka 60. Zamani kulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1972, na wako watumishi waliojenga kwa mikopo yake wakiwa vijana. Benki hiyo ilikufa mwaka 1995, na pengo lake halijazibwa sawasawa, ijapokuwa juhudi za Watumishi Housing za kujenga nyumba za watumishi, kama zile za Bunju na Gezaulole, ni za kusifiwa. Mtumishi anayepata mkopo wa nyumba akiwa na miaka 35 atamaliza kuulipa akiwa kazini. Anayengoja mafao ajenge, amekwisha kosa upepo.

Lakini tusimtwike mstaafu lawama zote, kwani hilo lingekuwa kosa kubwa na dhuluma. Nahodha hawezi kuondoka kama bandari haijampa hati zake. Sheria inamtaka mwajiri wa mtumishi wa umma kuchangia asilimia 15 ya mshahara, na mtumishi mwenyewe hukatwa asilimia 5. Makato ya mtumishi hayachelewi hata siku moja. Ya mwajiri, mahali pengine, huchelewa. Wapo wastaafu wanaobaini katika mwezi wao wa mwisho kwamba barua ya kuthibitishwa kazini haionekani, kwamba majina matatu yaliyo kwenye cheti si yale yaliyo kwenye kitambulisho, au kwamba miaka miwili waliyofanya kazi Rufiji haimo katika kumbukumbu za mtu yeyote. Ndipo mzee huanza kupanda magari kutoka Tandika hadi katikati ya mji, na wengine kusafiri hadi mikoa waliyoanzia kazi, wakiwa na bahasha ya kaki kwapani, wakitafuta karatasi ambazo wao hawakupewa kuzitunza. Mtu aliyewafundisha kusoma hao maofisa utumishi husimama dirishani akiambiwa aje wiki ijayo.

Huu ni uzembe, na hatuoni sababu ya kuuita jina jingine. Serikali yenyewe imeonyesha kwamba kasoro za zamani zinaweza kurekebishwa. Kabla ya mwaka 1999 watumishi wa umma hawakuwa wakichangia pensheni. Ililipwa moja kwa moja na Hazina, na miaka ile yote ikabaki kuwa deni juu ya mfuko ulioanzishwa mwaka huo. Deni hilo lilisumbua kwa zaidi ya miaka 20. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 ili kulipunguza. Ikiwa deni la matrilioni limeshughulikiwa, hatuelewi ni nini kinachoshinda kutafuta barua moja ya mwaka 1991 katika masjala ya halmashauri.

Wako pia wazee wasio na jalada mahali popote. Mvuvi wa Msasani, anayetia nanga hatua chache kutoka boti za wageni, hana mkupuo wala kikokotoo. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wake wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kila mwezi, bila ya kuuliza nani aliajiriwa na nani hakuajiriwa. Tanzania Bara haijafika huko. Tutalirudia jambo hilo siku nyingine, maana linastahili nafasi yake peke yake.

Kwa sasa tunasema juu ya watumishi na walimu. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60. Ipo miaka mitano baina ya umri huo na huo, nayo inapita bure. Semina zinazotolewa kwa wastaafu watarajiwa ni jambo jema, lakini semina ya mwaka wa mwisho humkuta mtu amekwisha fanya makosa yake yote. Yafaa mtumishi atimizapo miaka 55, akitaka kuendelea na kazi au asitake, jalada lake lifunguliwe mbele yake na ofisa utumishi: michango ikaguliwe mwezi kwa mwezi, majina yasahihishwe, vituo vyote vya kazi viorodheshwe, na apewe kwa maandishi makadirio ya mkupuo na pensheni yake. Akikuta kasoro, awe na miaka mitano ya kuifuatilia huku akiwa na mshahara, si huku akikopa nauli. Na ofisa ambaye hatalifungua jalada hilo ndani ya mwaka husika, aandike sababu na kutia sahihi yake.

Hapahitajiki sheria mpya wala fedha za wafadhili. Pahitajika waraka tu. Tunaiomba Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, iutoe waraka huo kabla ya mwaka wa fedha ujao kuanza mwezi Julai, na ianze na walimu, ambao ndio wengi na ndio waliotawanyika zaidi.