Usukani Unapocheza

Akina mama wenzetu, magari yetu ya Nachingwea na Ruangwa yamepigwa na mashimo miaka mingi, na tairodi endi, kile kiungo kinachounganisha usukani na gurudumu, huchoka mapema. Baba akisema atakibadilisha mwenyewe nyumbani, tusimkatishe tamaa. Anyanyue gurudumu la mbele, alishike kushoto na kulia, alitikise. Likicheza, huenda kiungo kimekwisha. Anapofungua cha zamani ahesabu mizunguko, kipya kiingie kwa idadi ile ile. Pini ya kuzuia nati iwe mpya, na isisahauliwe kamwe: nati ikifunguka njiani, gurudumu halitii tena usukani.

Lakini sisi wauguzi tunaogopa zaidi jeki. Jeki huteleza! Kabla baba hajaingia chini, gari likalishwe juu ya stendi imara au magogo mapana, si matofali, maana tofali hupasuka ghafla. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, na watoto (wapenda spana hao) wakae mbali. Baadaye gari liendeshwe taratibu hadi kwa fundi wa alaimenti, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja.