Tutazame Ndani ya Karai

Wakazi wa Singe hawana haja ya kusafiri mbali kutafuta kitoweo. Ziwa Babati li jirani, na perege na kambare wa ziwa hilo wameulisha mji huu miaka na miaka. Ni jambo la kusikitisha basi kwamba samaki huyo, aliye chakula bora, mara nyingi hutufikia akiwa amekaukia katika karai.

Hatuwalaumu wachuuzi. Asiye na jokofu hana budi kumkaanga samaki asije akaoza kabla ya jioni, na bei ya mafuta ya kula kila mtu aijua. Tunachokipinga ni mafuta yale yale kurudiwa siku baada ya siku hata yakawa meusi kama lami. Perege kwa asili ana mafuta machache. Akizamishwa humo huyanywa, na mlaji huondoka na mafuta mabovu.

Uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya wazee wa miaka 65 na zaidi, ukatangazwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba vifo vya maradhi ya moyo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliozoea samaki wa kuokwa au kubanikwa. Waliokula wa kukaanga hawakuonekana kupata nafuu hiyo.

Chukuchuku ya chumvi, ndimu na nyanya haihitaji hata kijiko cha mafuta, na mchuzi wake hunywewa wote. Majumbani na ipikwe tena. Nao mabwana afya, wanapokagua usafi wa vibanda, watazame pia ndani ya karai.